Jina la chuo halimpokei mtu uwanja wa ndege

Mada ya wiki hii ilikuwa iwe ligi ya mpira ya Base Camp. Tunaiweka pembeni kidogo. Kuna mkubwa wetu mmoja, wengi mnamjua hata tusipomtaja, amepata barua mbili za kusoma uzamivu, ile wanayoiita PhD. Mbili! Toka tuanze kuwasaidia watu kujaza fomu kwenye zile kompyuta za kituo hapa Nakivale, hatujawahi kuona hata moja. Na tangu habari ivuje, kundi halilali. Kila mtu ana ushauri, na karibu wote ni ushauri ule ule: nenda Uingereza, kwenye chuo chenye jina.

Siye tunasema hapana. Au tuseme hivi, tunasema ngojeni kwanza.

Mtauliza, nyie mlioishia sekondari mna nini cha kusema juu ya uzamivu? Swali la haki. Ya ndani ya maabara hatuyajui. Lakini barua tunazisoma, ndiyo kazi yetu ya kujitolea, na kuna barua moja tuliisoma vibaya. Mwaka juzi kijana wetu alipata nafasi ya shahada ya pili ng'ambo. Barua ilisema ada imelipwa. Tukapiga vigelegele, tukampiga picha, tukaiweka kila mahali. Akauza pikipiki, akakopa kwa wajomba. Viza ikakataliwa kwa sababu hakuwa na pesa ya kujikimu benki, na hayo yalikuwa yameandikwa, ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo. Siye ndio tuliomfungulia hiyo barua na hatukufika ukurasa wa tatu. Leo anaendesha boda ya mtu mwingine. Ametukubalia tuiseme hii habari, na ametucheka kidogo, lakini deni la wajomba bado lipo.

Kwa hiyo safari hii tumesoma kurasa zote.

Barua ya kwanza inatoka chuo cha Uingereza ambacho hata muuza chapati wa barabarani amelisikia jina lake. Kitalipa ada yote kwa miaka mitatu. Msimamizi ni profesa mkubwa sana, ukiandika jina lake kwenye intaneti makala zinatoka mpaka simu inachoka. Ila ujumbe wote uliomfikia mkubwa wetu umeandikwa na watu wa ofisi. Profesa mwenyewe hajamwandikia hata mstari mmoja.

Barua ya pili inatoka Ujerumani, kwenye mji ambao tulilazimika kuutafuta kwenye ramani. Hii ni mkataba wa kazi wa miaka mitatu, 65% ya mshahara wa daraja wanaloliita E13, daraja la watafiti wa vyuo vya huko. Ada hakuna, ila kuna mchango wa kila muhula ambao siyo mkubwa. Msimamizi ni mama mmoja, profesa, siyo maarufu. Ameongea na mkubwa wetu kwa video mara tatu. Mara ya pili sola yetu ilizima katikati ya maneno, akamsubiri nusu saa nzima mpaka tulipoazima betri kwa jirani.

Tuanze na pesa, kwa sababu watu wanaona aibu kuanza nayo.

Kulipiwa ada siyo kulipiwa maisha. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka uonyeshe pesa ya kula na kulala. Mwanzoni mwa 2025 kiwango kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, mara miezi tisa. Piga hesabu, ni pauni 10,224. Hiyo ni zaidi ya milioni 45 za Uganda, na zinatakiwa zikae benki siku 28 mfululizo. Bado malipo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na yanadaiwa yote kwa mkupuo siku unayoomba viza, kabla hujamwona daktari hata mmoja. Ndani ya kundi kuna aliyependekeza tuchange. Tunampenda kwa moyo wake. Mwaka jana tulichanga nyavu za magoli na ikachukua miezi minne.

Tusiwaonee Waingereza lakini. Nafasi za huko zenye ufadhili kamili zipo. Shirika lao la utafiti, UKRI, limeweka posho ya chini ya pauni 20,780 kwa mwaka wa masomo 2025/26 kwa wanafunzi wa uzamivu linaowafadhili, mbali na ada. Marekani nako vyuo vingi humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na posho kwa miaka kama mitano, naye anasaidia kufundisha. Kwa hiyo shida siyo nchi. Shida ni hii barua tuliyoishika mkononi, ambayo imelipa ada na kunyamaza.

Na yapo ya nyumbani. Tangu mgao wa chakula ugawanywe kwa makundi, mama yake mkubwa wetu ameangukia kundi lisilopata kitu, eti ana mtoto mwenye kazi. Huyo mtoto mwenye kazi ndiye anayetaka kuondoka. Mshahara wa Ujerumani, ukitoa kodi, bima na chumba, unabakiza kidogo cha kutuma. Ada iliyolipwa Uingereza haiwezi kutumwa kwa simu. Watu wa hapa wakisikia Ulaya wanadhani kila aliyefika anaokota pesa. Akifika na njaa yake, ataona haya hata kupokea simu ya mama. Tumeona hayo kwa wengine, mtu anabadilisha namba.

Halafu kuna jambo lililotuuma kuliko pesa.

Mkubwa wetu anasomea muhogo. Shahada yake ya pili aliifanya juu ya batobato, ule ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, unaosambazwa na nzi weupe na vipando vyenye virusi. Ndio ulioangusha muhogo wa Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka miaka ya 1990, watu wakaacha mashamba. Anaujua tangu utotoni, kwenye shamba la bibi yake, huko karibu na Bukavu. Barua ya Uingereza inasema utafiti utafanyika Kivu Kusini, na kwamba mwombaji huyu "ana faida ya kuifahamu nchi". Barua hiyo imeandikwa Machi 2025. Goma ilikuwa imechukuliwa Januari, Bukavu Februari. Siku tulipoisoma, kwenye benchi la nje kulikuwa na watu waliofika wiki hiyo hiyo kutoka huko huko.

Ukiacha hata vita, hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile inayotokana na Mkataba wa 1951, kwa kawaida inafaa kila nchi isipokuwa ile uliyoikimbia. Na ukirudi huko kwa hiari yako, unaweza kuja kuulizwa kama bado unahitaji ulinzi. Hatudhani yule profesa ni mtu mbaya. Hakuuliza tu. Mradi alikuwa nao tayari, akatafuta mtu wa kuujaza.

Yule mama wa Ujerumani, mazungumzo ya kwanza kabisa, dakika ya kumi hivi, alimuuliza: "Kuna mahali ambapo huwezi kwenda?" Mkubwa wetu anasema alikaa kimya kwanza, hajawahi kuulizwa hivyo na mtu wa chuo. Akamweleza. Wiki iliyofuata mpango ukarudi umebadilishwa, mashamba ya majaribio yatakuwa magharibi mwa Uganda. Batobato ni ile ile pande zote za mpaka. Virusi havina hati ya kusafiria.

Ndiyo maana tunasema msimamizi kwanza. Shahada ya kwanza mnaisoma mia mbili kwenye ukumbi, mwalimu akiwa mbovu unamwazima mwenzako daftari. Uzamivu ni wewe na mtu mmoja, miaka mitatu, minne, pengine zaidi. Yeye ndiye anasoma ulichoandika, ndiye anakwambia rudia, ndiye anaandika barua ya kukutafutia kazi. Wajerumani wana neno lao la zamani kwa msimamizi, Doktorvater, yaani baba wa udaktari, na akiwa mwanamke, Doktormutter, mama. Kwetu mtu hachagui mzazi. Hapa ukipewa nafasi ya kuchagua, eti unachagua jengo?

Mfano tunaoupenda ni wa Wangari Maathai. Mnamjua kwa miti na kwa Nobeli ya 2004. Sehemu hii ya maisha yake haisemwi sana. Chuo chake cha kwanza Marekani kilikuwa kidogo, Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas, alimaliza 1964. Akafanya shahada ya pili Pittsburgh. Akarudi Nairobi 1966 na barua ya kazi kwenye idara ya zoolojia, akakuta kazi kapewa mtu mwingine. Aliyempokea alikuwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa anaanzisha idara ya anatomia ya mifugo pale Nairobi. Akampa kazi. Akamsukuma asome uzamivu. Mwaka 1967 Wangari akaenda Ujerumani, akasoma Giessen na Munich, na 1971 akapata shahada yake kutoka Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Giessen, nani kati yetu alikuwa ameusikia? Tafuteni kwenye ramani, ni mji mdogo kaskazini mwa Frankfurt. Hakuufuata kwa jina lake. Kuna mtu alimwona akiwa na mlango umefungwa usoni, akamfungulia wa kwake.

Sasa msije mkadhani tumelewa sifa za Ujerumani. Huko mara nyingi profesa mmoja ndiye bosi wa mkataba wako, ndiye msimamizi wako, na ndiye mmoja wa wanaokupa alama mwishoni. Mkielewana ni neema. Mkikosana, mshahara na shahada na kibali cha kukaa vyote vinatetemeka siku moja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi kamba yetu ni fupi kuliko ya wengine, maana mwanafunzi mwingine akishindwa anapanda ndege kwenda kwao. Huruma ya mazungumzo matatu ya video haitoshi kuwa dhamana. Kwa hiyo tulimwambia mkubwa wetu aandike na kuuliza, bila aibu, kwa adabu: Je, nitakuwa na msimamizi wa pili? Wanafunzi wako waliopita walichukua miaka mingapi, na sasa wako wapi? Mkataba ni wa miaka mitatu, nisipomaliza, mwaka wa nne nani ananilipa? Naweza kuongea na mwanafunzi wako wa sasa, wewe ukiwa haupo?

Hili la mwaka wa nne liko kwenye barua zote mbili, tusidanganyane. Zote zimeandika mitatu, na uzamivu una tabia ya kurefuka.

Maswali yakatumwa pande zote mbili, siku moja, saa moja. Ujerumani ilijibu baada ya siku mbili: msimamizi wa pili yupo, chuo kingine, mkataba umeshaongezwa kwa wanafunzi wake wawili waliochelewa, ila hawezi kuahidi kwa maandishi mpaka pesa ya mradi ithibitishwe. Hilo la kutoahidi, ajabu, ndilo lililotupa imani. Uingereza ofisi ilijibu kwamba maswali ya usimamizi yatashughulikiwa baada ya kujisajili.

Dada mmoja wa kundi ametupinga vikali na ana hoja, tuiseme yote. Anasema nyie mnasahau vyeti vyetu. Diploma yako ya Congo ukiipeleka mahali wanaigeuza juu chini, wanauliza shule bado ipo, nani anathibitisha, mbona muhuri umefutika. Mtu wa namna hiyo akipata jina kubwa, linafunga midomo. Hakuna atakayemuuliza tena ulisomea wapi sekondari. Mzungu anaweza kudharau majina kwa sababu pasi yake tayari ni jina.

Hatuwezi kumbishia kirahisi. Kwa shahada ya kwanza tuko upande wake moja kwa moja, mtu achukue jina akiweza, kwa sababu pale cheti ndicho kinachosomwa. Hata kwenye uzamivu, barua mbili zikilingana pesa na zikilingana msimamizi, chukua yenye jina na usiombe radhi kwa mtu. Lakini aliyemaliza uzamivu anaulizwa ameandika nini, na nani anamjua. Profesa mkubwa asiyekujua atakuandikia barua ya mistari mitatu, na watu wa vyuo wanajua kuisoma mistari mitatu. Na jina linamsaidia aliyemaliza. Aliyerudi mwaka wa pili kwa kukosa kodi ya nyumba halimsaidii kitu, cheti hana, jina anabaki akilisimulia kwenye foleni ya maji.

Dada hajaridhika. Amesema tuongee baada ya miaka minne. Sawa.

Na nyie wa mashirika mnaotusoma, tunawaheshimu, wengine mmetufundisha kushika hiyo kompyuta. Lakini tuseme. Mkubwa wetu alisoma shahada ya kwanza kwa DAFI, ufadhili ulioanza 1992 kwa pesa nyingi za serikali ya Ujerumani, wenye jina la Einstein, mkimbizi mwenzetu. (Naye 1933 vyuo kadhaa vilimgombania, akaenda taasisi changa ya Princeton iliyoanzishwa 1930 na ambayo bado haikuwa na jengo lake. Haya, yeye jina la chuo hakulihitaji.) UNHCR na wenzake wamejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030, 15% ya vijana wakimbizi wafike elimu ya juu. Vizuri sana. Basi barua zitaongezeka, na nyingine zitakuwa za shahada ya pili na ya tatu. Leo hapa kuna mtu wa kupiga picha mtu akipata barua. Mtu wa kuisoma hiyo barua naye, ukurasa wa tatu, herufi ndogo, hayupo. Tuko siye, tunaotafsiri neno moja moja kwenye simu. Hatuombi ofisi mpya. Tunaomba mmoja wenu aliyewahi kusaini mkataba wa Ulaya au kuomba viza akae nasi kituoni siku moja kwa mwezi. Soda tutatoa.

Na bango. Tunajua mshaandaa bango lenye nembo ya chuo cha Uingereza, tumeliona kwenye simu ya mtu. Tunaomba msilitoe bado. Kijana aliyebandikwa ukutani na nembo hana tena uhuru wa kukataa. Yule wa mwaka juzi alituambia baadaye kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, ila picha ilikuwa imeshasambaa, akaona aibu kurudi nyuma.

Uamuzi ni wake, siyo wetu. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa kwa barua zote mbili. Mama yake tulimuuliza anaonaje, akauliza kitu kimoja tu: huko Ujerumani huyo mama ana watoto? Hatukujua. Mkubwa wetu akacheka, akasema hilo nalo ataliuliza.

Alhamisi saa mbili usiku ataongea na mwanafunzi wa yule profesa, kijana kutoka Ghana aliye mwaka wa tatu, wawili peke yao. Bando tumeshanunua, na betri ya jirani tumeiazima mapema safari hii. Kama kuna swali tumelisahau, mlilete kituoni kabla ya hapo, au mlitume kwa yeyote kati yetu. Ya ligi tutaandika wiki ijayo.